Je, Yafaa Kumfunga Mikono Mlinzi wa Mwili?

Limetufikia darasani suala kutoka Isecheno, kando ya msitu wa Kakamega, nalo ni suala tusilolizoea. Wenye kuuliza ni jamaa wa nyumba moja ya Kiislamu, asili yao Mumias, mahali ambapo dini ilifika zamani pamoja na misafara ya watu wa pwani waliokuwa wakienda kwa Nabongo. Mwanamke wao mmoja ameshikwa na maradhi ya viungo. Vidole vimevimba pande zote mbili, na asubuhi hawezi kufunga kifungo wala kushika mwiko mpaka jua lipande. Amekunywa vidonge zaidi ya mwaka, na sasa daktari amemwambia kuwa iliyobaki ni sindano, ya kupigwa chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili, nayo hufanya kazi kwa kuilegeza kinga ya mwili.

Basi nyumba imegawanyika. Ami yake asema kuwa kinga ya mwili ni mlinzi aliyewekwa na Mwenyezi Mungu, na mwenye kumfunga mlinzi huyo mikono ameikufuru neema. Jirani wasema msitu ule una majani yaliyowaponya wazee, na sindano ya nini? Ama mume wake, yeye auliza neno moja tu: Je, sindano hiyo itamwua? Twaona suala la mume ndilo zito kuliko yote, lakini hatuwezi kulijibu kabla ya kuyapitia yale mengine.

Kwanza yafaa ijulikane ni maradhi gani. Sisi watu wa pwani kila maumivu ya viungo twayaita baridi, au baridi yabisi, au jongo, tukayatia yote katika chungu kimoja. Jongo ni jambo jingine, lina asili yake katika chumvi ya mkojo iliyozidi damuni. Na magoti ya wazee yaliyochakaa kwa kazi ni jambo jingine tena. Ama haya tunayoulizwa ni maradhi ambayo kinga ya mwili, iliyoumbwa ipambanue kilicho chetu na kigeni, hupotewa na upambanuzi huo ikageuka kuushambulia utando wa viungo kana kwamba ni adui. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Yakiachwa, hula gegedu na mfupa mpaka mkono ukapinda na usirudi tena. Ndugu zake ni maradhi ya ngozi yenye magamba yaitwayo soriasisi, na ya utumbo, na ya uti wa mgongo unaoshikana ukawa kama mti. Hapana pepo hapo, wala husuda ya jirani, na pesa za kupungia zingefaa nauli ya kwenda hospitali.

Hii dawa ya sindano nayo ina khabari yake. Mwaka 1975 Köhler na Milstein, katika mji wa Cambridge, walipata njia ya kuzifanya chembe hai zitoe kingamwili za namna moja tu, zenye kulenga kitu kimoja tu. Kisha Feldmann na Maini, mjini London, wakagundua kuwa ndani ya kiungo kilichovimba kuna protini moja, iitwayo TNF, ambayo kazi yake ni kama ya mpiga mbiu: yapiga mbiu, na askari wote wa mwili hukusanyika. Katika ugonjwa huu mbiu hailali usiku wala mchana. Mwaka 1992, katika hospitali ya Charing Cross, wagonjwa wa kwanza wa viungo wakapewa kingamwili ya kuishika TNF, na watu waliokuwa hawawezi kupanda ngazi wakapanda. Dawa ile ni infliksimabu, nayo hutiwa kwa mpira ndani ya mshipa. Etanersepti, ya chini ya ngozi, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1998, na adalimumabu, ambayo ndiyo hupigwa kila wiki mbili, mwishoni mwa 2002. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaitia adalimumabu katika orodha yake ya dawa za lazima. Kwa hiyo hiki si kitu cha majaribio kilichozuka jana.

Sasa na tumsikilize ami. Twamheshimu, kwa sababu hoja yake ina mzizi. Mwili ni amana, si mali ya mtu kuufanyia apendavyo, na kinga ni katika neema kubwa mno ambazo mtu hazioni. Lakini je, mlinzi huheshimiwa kwa jina lake au kwa kazi yake? Askari wa mtaa akianza kuwapiga wenye nyumba na kuvunja milango yao, je, mwenye kumshika mkono amepinga ulinzi, au ameurudisha? Neema ni kule kulinda. Kinga inapobomoa nyumba iliyowekwa kuilinda, kuizuia si kuikufuru neema. Tena, tukisema kwa usahihi, dawa hii haimfungi mlinzi mwenyewe. Yamziba mdomo mpiga mbiu, na askari, kwa kutosikia mbiu, wengi wao hutulia. Na ami huyo, akipatwa na homa, hunywa dawa kuishusha, ilhali homa nayo ni katika silaha za mwili. Hatujasikia akisema kuwa hilo ni kufuru.

Hata hivyo hatumwachi ami aende mikono mitupu, kwa kuwa kuna upande ambao amesema kweli kuliko alivyojua. Mpiga mbiu huyo huyo anayewasumbua wagonjwa wa viungo ana kazi nyingine ambayo haionekani. Watu wengi katika nchi zetu wana vijidudu vya kifua kikuu ndani ya mapafu wala hawaumwi. Mwili umevijengea ukuta, ukavifunga ndani, na vimelala humo huenda miaka 30. Ukuta huo hausimami wenyewe. Wasimamishwa na askari ambao TNF ndiyo huwaita na kuwakusanya. Mzibe mdomo, na ukuta huenda ukabomoka, na waliofungwa wakatoka wote kwa pamoja. Hili halikujulikana kwa kukisia. Mwaka 2001 walitangaza madaktari huko Marekani khabari za wagonjwa 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu, wengi wao katika miezi michache ya mwanzo, na kwa wengi ugonjwa haukukaa kifuani bali ulitawanyika mwilini. Baadhi yao walikufa. Na hao wengi wao walikuwa watu wa nchi ambazo kifua kikuu ni nadra. Sisi twakaa Kenya, nchi iliyohesabiwa na Shirika la Afya Duniani miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa wa maradhi hayo.

Katika barua tuliyoletewa limepita neno moja ambalo mwandishi hakulitilia maanani. Asema kuwa ami hakuandika hoja yake kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu amelala, ana kikohozi tangu miezi mitatu. Nasi tuliposoma hapo tuliiweka barua chini.

Hapa ndipo ilipo asili ya jambo hili. Suala si kama yafaa kumzuia mlinzi. Suala ni kuwa, akiisha kuzuiwa, nani atakaa zamu yake? Maana zamu haiondoki kwa sababu mlinzi hayupo. Mwizi bado yupo. Mwenye kuitumia sindano hii na kudhani kuwa amenunua dawa kisha basi, ni mfano wa mtu aliyemwondoa bawabu akalala mlango wazi. Kila sharti ambalo madaktari huliweka, ambalo watu huliona usumbufu na kupoteza pesa, si sharti la karatasi. Ni kipande cha ile zamu kilichohamishwa kutoka mwilini kikawekwa mikononi mwa watu.

Kabla ya sindano ya kwanza hupimwa kifua kwa picha, na kwa kipimo cha ngozi au cha damu. Akionekana ana kifua kikuu kilicholala, hupewa isoniazidi, au dawa zenzake kama rifapentini, na kwa desturi hungojea kiasi cha mwezi akizitumia kabla ya kuanza sindano. Hupimwa homa ya ini aina ya B, kwani nayo hulala na kuamka vilevile, na hupimwa virusi vya ukimwi. Aulizwe habari za moyo dhaifu, za saratani aliyowahi kuugua, za ganzi na udhaifu wa neva. Na katika kuulizwa huko ndipo penye mtihani wa kweli, kwa sababu watu wetu huona aibu. Kifua kikuu kwao ni fedheha ya ukoo. Mgonjwa husema nyumbani hapana mwenye kukohoa, na mwenye kukohoa yuko chumba cha pili. Uongo ule husemwa ili kuhifadhi heshima, na twakiri kuwa heshima ni kitu chenye thamani, lakini hapa yanunuliwa kwa pafu la mtu mwingine. Wanazuoni wetu wamekubaliana kuwa kuepusha madhara makubwa hutangulia kuepusha madogo, na hatuoni namna ya kuifanya aibu kuwa dhara kubwa kuliko mauti.

Jambo la chanjo latuhusu khasa sisi tunaosafiri. Chanjo zenye vijidudu hai, hata viwe vimedhoofishwa, hazifai kwa aliyekwisha anza sindano hizi. Miongoni mwazo ni ile ya homa ya manjano, na Serikali ya Saudia hudai cheti chake kwa wasafiri watokao nchi zenye khatari ya homa hiyo, na Kenya imo. Basi mwenye nia ya kuhiji na achanjwe mapema, wiki kadhaa kabla ya kuanza dawa, na cheti chake, kwa kanuni iliyoanza mwaka 2016, ni cha maisha. Aliyechelewa na aombe barua ya daktari, wala asijichanje kwa siri. Ama ile chanjo ya uti wa mgongo wanayotakiwa mahujaji haina kijidudu hai, haina neno. Na mwanamke aliyetumia dawa hii akiwa mjamzito hana budi kuwaambia wakunga kabla mtoto hajapigwa chanjo ya kifua kikuu, ile ambayo kwetu hupigwa mtoto anapozaliwa, kwani dawa huvuka kwenda kwa mtoto na chanjo hiyo huenda ikataka kungojea miezi 6 au zaidi.

Kisha, sindano zikiisha kuanza, kuna homa. Isecheno si Mombasa. Ni katika nchi ya malaria, na usiku wa mvua njia ya kutoka msituni kwenda Shinyalu, achilia mbali Kakamega, si ya mchezo. Mtu mwenye kinga kamili akipata homa huweza kunywa kidonge akalala, akaona asubuhi. Huyu hawezi. Homa, kikohozi kisichoisha, kidonda chenye usaha, kukonda bila sababu, lolote katika hayo likitokea sindano ifuatayo haipigwi mpaka daktari aseme. Lazima chandarua. Lazima nyumbani awepo mtu anayejua hayo, na mwenye nauli iliyowekwa kando, asiyeguswa hata kwa arusi.

Tumefika kwenye majani. Hatutaki kuwakebehi majirani wa Isecheno, kwani msitu ule si msitu wa kawaida. Ni mabaki ya upande wa mashariki ya msitu mkubwa wa Kongo, na pembezoni mwake kikundi cha wakulima cha Muliru, kwa msaada wa taasisi ya ICIPE, kimelima aina ya mrehani yenye harufu ya kafuri na kutengeneza humo dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kazi yao ilipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2010, na waliistahiki. Kuchua kiungo kwa dawa hiyo kwaweza kutuliza maumivu, na hapana ubaya wa kufanya hivyo. Lakini kutuliza maumivu si kuuzuia mfupa usiliwe. Tena kuna mfano hapo hapo Isecheno. Tangu 1979 wataalamu wa wanyama wamekuwa wakiwafuata kima wa msitu ule, siku kwa siku, mmoja mmoja kwa sura yake, na zaidi ya miaka 40 imepita. Ikiwa kuzijua desturi za kima kwataka subira hiyo, vipi jani tulimeze kwa kuwa fulani alisema babu yake alipona? Jani ambalo limepimwa, tutalipokea kwa mikono miwili. Na tuwatahadharishe ndugu zetu na unga wa viungo unaouzwa mitaani wenye kuponya kwa siku tatu. Katika nchi nyingi unga wa namna hiyo umepimwa ukaonekana umechanganywa kwa siri na deksamethasoni au dawa za jamii yake, ambazo nazo huiangusha kinga, na mnywaji hajui kuwa anakunywa. Yaani yule aliyekimbia sindano kwa kumwonea mlinzi huruma amekwenda kumpiga rungu gizani.

Wametuuliza pia kama ni halali, kwa kuwa wamesikia dawa imefanywa kwa mnyama. Adalimumabu hutolewa na chembe ambazo asili yake ni ovari ya mnyama mdogo wa jamii ya panya, aliyechukuliwa chembe hizo mwaka 1957, nazo zimekuwa zikikuzwa katika vyombo tangu hapo. Dawa yenyewe ni protini iliyotengwa na kusafishwa, si nyama ya mnyama. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, hata kilicho najisi, maadamu si kilevi, huruhusiwa kuwa dawa panapokosekana tohara ifanyayo kazi yake, kwa neno la tabibu mwaminifu. Hatuoni haja ya kurefusha. Ama saumu, Majmaa ya Fiqhi iliyokutana Jeddah mwaka 1997 iliamua kuwa sindano ya matibabu isiyo ya chakula haifunguzi, ya ngozini wala ya mshipani. Na anayeona wasiwasi na aipige usiku.

Tusisahau vidonge alivyokuwa akivinywa, ambavyo huenda akaendelea navyo pamoja na sindano. Ikiwa ni methotreksati, hiyo huliwa siku moja tu katika wiki. Watu wamekufa kwa kuila kila siku kwa kusoma vibaya. Na iandikwe siku hiyo kwenye kasha kwa herufi kubwa.

Sindano yenyewe hukaa katika friji, baina ya digrii 2 na 8, mbali na mwanga. Ikiganda barafu imekufa, hata ikiyeyuka tena. Adalimumabu ya kampuni iliyoianzisha huvumilia nje ya friji siku 14, ikiwa joto halipiti digrii 25, na hilo Mombasa mwezi wa Februari ni ndoto. Kwa kuisafirisha kutoka duka la dawa yatakikana chombo chenye kushika baridi, na barafu isiigusie dawa. Nyumba isiyo na umeme wa kutegemewa yafaa iafikiane na zahanati iliyo karibu iwawekee. Itolewe nusu saa kabla ya kupigwa, isitiwe maji ya moto, isitikiswe. Hupigwa pajani au tumboni mbali na kitovu, na kila mara mahali pa kubadilisha, si penye kovu wala jeraha. Sindano iliyotumika haitupwi msituni wala chooni. Hutiwa katika chombo kigumu na kurudishwa hospitali. Na haipewi jirani mwenye maumivu kama hayo, hata akilia.

Sasa suala la mume. Je, itamwua? Wapo iliowaua, na wengi wa hao ni kwa maradhi ambayo yangeonekana kama mtu angetazama. Na ugonjwa wenyewe, ukiachwa, hulemaza, na hufupisha umri kwa kuudhuru moyo. Kwa hiyo hakuna mlango usio na khatari ambao mtu huyo aweza kuuchagua. Aliyekaa kimya naye amechagua. Sisi twaona, pakiwa na vipimo, na daktari wa kumfuatilia, na nyumba iliyokubali kukaa zamu, kuitumia si halali tu bali ndiko kuihifadhi amana. Na pasipo hayo, twaona angoje mpaka yapatikane, hata kama anaumia, na twajua ni rahisi kwetu kuandika hivyo kuliko yeye kuvumilia.

Bei ni dhiki ya peke yake. Dawa hizi zilikuwa za matajiri tu. India ilipotoa adalimumabu ya kufanana na ile ya kwanza, mwishoni mwa 2014, bei ikaanza kushuka, na zikafuata nyingine Ulaya tangu 2018, walakini kwa nyumba ya mkulima bado ni mlima. Jamaa wasikusanye pesa za miezi miwili wakaanza kwa furaha. Kuanza na kuacha na kuanza tena huufundisha mwili kuikataa dawa. Wahesabu mwaka kwanza, waulize bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipa nini na haitalipa nini, na wenye zaka wajue kuwa fakiri mgonjwa ni fakiri, na dawa yake ni katika haja zake.

Na ami, kwa kuwa ndiye aliyesimama kumtetea mlinzi, twaomba apewe yeye zamu ya kwanza. Asipande gari kwenda kumzuia mtoto wa nduguye. Apande naye, waende pamoja hospitali ya Kakamega, na kabla binti hajapigwa picha ya kifua, yeye na kikohozi chake cha miezi mitatu atoe makohozi yapimwe. Kipimo hicho na dawa zake katika hospitali za serikali havilipiwi.